Je, Wajua? Brashi Inaweza Kuiharibu Picha Kabla Jua Halijaigusa

Je, wajua kwamba picha inaweza kuchapwa kwa brashi, karatasi, dawa kidogo na jua, bila kamera wala printa? Njia hiyo, sayanotaipu, ilibuniwa mwaka 1842 na John Herschel, mwanafalaki Mwingereza aliyekuwa ametumia miaka kadhaa kuchunguza nyota kutoka Cape, Afrika Kusini. Karatasi hupakwa mchanganyiko wa chumvi mbili za chuma, hukaushwa gizani, hulazwa jani au negativu juu yake, huanikwa juani, kisha huoshwa kwa maji. Palipopigwa na jua panabaki bluu. Ramani za majengo zilinakiliwa hivyo kuanzia miaka ya 1870.

Sasa ingia Kariakoo, Dar es Salaam, utafute brashi. Kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, hadi upande wa Gerezani, zimejaa tele: za nywele za nguruwe, za nailoni, pana kwa nyembamba, na karibu zote zimebanwa kwa bati. Kwa ukuta hazina neno. Kwa karatasi hii, bati hilo ndilo balaa. Moja ya zile chumvi, ferisayanidi ya potasiamu, ikikutana na chuma kilichoanza kupata kutu hutoa bluu papo hapo, jua liwepo lisiwepo. Viwandani dawa hiyohiyo hutumiwa kwa makusudi, kubaini chembe za chuma cha kawaida zilizonata kwenye chuma kisichoshika kutu. Kwenye picha yako yatakuwa madoa tu.

Kwa hiyo nenda dukani na sumaku. Ikinata kwenye bati, ujue ni chuma. Hata hivyo usiirudishe brashi haraka: wachapaji wengi hulipaka bati hilo rangi ya kucha, na rangi ya kucha Kariakoo haijawahi kuadimika. Paka mara mbili, iache ikauke kabisa. Ikianza kubanduka, paka tena.

Je, wajua kwamba Wajapani waliukwepa mtihani huu zamani? Brashi yao iitwayo hake ina nywele za mbuzi zilizoshonwa kwa uzi kwenye mpini, bila kipande cha chuma. Kasoro yake ni kunyonyoka, basi ichambue kwa vidole kwanza.

Brashi ya sponji ni rahisi na haiachi michirizi, ila hunywa dawa. Kwa sayanotaipu hasara hiyo inavumilika. Kwa wanaochapa kwa platinamu, madini ya bei ghali, mimi naiona ni kujitia umaskini; ndiyo maana wengi wao husambaza dawa kwa kijiti cha kioo. Karatasi ya sentimita 20 kwa 25 hutosheka na mililita 2 hivi.

Na je, wajua kwamba brashi ya mchoraji wa mtindo wa Tingatinga haifai hapa? Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, alitumia rangi ya mafuta ya kupakia baiskeli. Brashi ya rangi hiyo husafishwa kwa mafuta ya taa, na mafuta yakibaki kwenye nywele, dawa ya maji hukataa kuenea. Nunua mpya, andika kazi yake kwenye mpini, na usimwazime fundi rangi.