Maana na Asili ya Neno "Makini"

Yafaa, walimu wenzangu, tuliangalie neno hili, kwa kuwa maana yake ya kwanza yatuponyoka. Siku hizi mwalimu amwambiapo mtoto, "Kuwa makini," ataka asikilize na kuangalia. Lakini wazee walipomsifu mtu kwamba ni mtu wa makini, hawakuyasifu macho yake bali moyo wake: hapayuki, hababaiki, hatikisiki. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 yaliweka neno upande huo wa utulivu.

Asili yake ni Kiarabu, nako maana yake ni kitu kilichothibiti mahali pake. Shina ni herufi tatu, mim, kaf na nun. Na shina hilo hilo ndilo lililotupa "yamkini". Ajabu ya ndugu hawa: mmoja wa uthabiti, wa pili wa mashaka!

Kwetu Kigoma na Ujiji mtu aweza kulielewa upesi akitazama ziwani. Maji yakilala, twasema ni shwari. Lakini shwari ni mali ya upepo, na kusi ya kiangazi huiondoa bila kuomba ruhusa. Mvuvi wa dagaa, atokaye usiku na taa yake juu ya ziwa ambalo kina chake chapita mita 1,400, hawezi kuitegemea shwari. Mawimbi yakiinuka na wenziwe wakipiga kelele, yule ashikaye usukani pasipo kupandisha sauti ndiye mtu wa makini.

"Utulivu" ni neno la ukoo mwingine, la Kibantu. Latoka katika "tua", yaani kuweka mzigo chini. Ile l iliyopotea katika "tua" yarudi katika "tulia", kama irudivyo katika "kaa" na "kalia". Wapagazi wa karne ya 19 waliotoka Bagamoyo wakafika Ujiji waliijua vema maana hiyo mabegani mwao. Basi mtulivu ni kama mtu aliyekwisha kutua mzigo. Mtu wa makini angali nao kichwani, wala hauyumbi.

Maana mpya imekwisha kuenea, wala sidhani kwamba yazuilika. Ila mtoto akisoma katika kitabu cha zamani kwamba mzee fulani aliyapokea matusi kwa makini, na aelezwe kwamba mzee huyo hakuwa akiyasikiliza sana.