Blanketi la farasi msimu wa baridi: Uzito si hoja, hoja ni ukavu

MSIMU wa baridi unapobisha hodi nchini Uingereza, maduka ya vifaa vya farasi huanika mablanketi ya kila rangi na kila unene. Mwenye farasi, naye amejigubika makoti mawili na kofia ya sufu, humtazama mnyama wake aliyesimama malishoni, akashikwa na huruma na kununua blanketi zito kuliko yote. Hapo ndipo kosa linapoanzia. Farasi hahisi baridi jinsi binadamu anavyoihisi, na blanketi lisilomfaa laweza kumdhuru kuliko baridi yenyewe.

Farasi mzima, mwenye afya na aliyezoea hali ya hewa ya kadiri, hustarehe katika joto la kati ya nyuzi 5 na nyuzi 25 za Selsiasi hivi. Aliyezoeshwa baridi kali hatua kwa hatua, tena mwenye manyoya mazito yaliyo makavu, huweza kustahimili hata nyuzi 15 chini ya sufuri. Manyoya hayo huanza kuandaliwa mapema, pindi mchana unapoanza kufupika baada ya Juni 21. Sisi tunaoishi karibu na ikweta, ambako mchana na usiku hukaribiana mwaka mzima, ni rahisi kusahau ukubwa wa mabadiliko hayo. Mjini London, mchana wa mwishoni mwa Desemba huwa wa saa nane hivi pekee.

Baridi inapozidi, manyoya husimama na kunasa hewa, na hewa hiyo ndiyo inayozuia joto la mwili kupotea. Kadhalika, farasi ana jiko lake tumboni. Nyasi zinapochachuka katika utumbo mpana hutoa joto jingi, na farasi wa kilo 500 hula takriban kilo 10 za chakula kikavu kwa siku. Anayehofia usiku wa barafu ni heri kwanza aongeze nyasi kavu, ndipo afikirie blanketi.

Adui mkubwa ni mvua iliyoandamana na upepo. Manyoya yakilowa hadi kwenye ngozi hulala chapachapa, ile hewa ikatoweka, na farasi aliyekuwa akistahimili barafu bila taabu akaanza kutetemeka katika nyuzi 6 au 7. Ndiyo maana sifa ya kwanza ya blanketi la malishoni ni kuzuia maji, na ya pili ni kuruhusu jasho litoke. Blanketi la kulalia zizini, hata liwe nene namna gani, halifai nje kwa kuwa hufyonza maji na kumganda mnyama mwilini.

Je, ni farasi yupi anayelihitaji? Mzee, mkondefu, mgonjwa, aliyenyolewa manyoya ili asitoke jasho kupindukia kazini, na yule asiye na kibanda wala ua wa miti wa kumkinga. Thoroughbred na farasi wa Kiarabu, ambao manyoya yao ni mepesi, nao aghalabu huhitaji msaada. Kwa upande mwingine, farasi wafupi wa asili ya Shetland au Exmoor wamejaliwa manyoya ya tabaka mbili, na wengi wao hupita msimu mzima bila kuvikwa chochote. (Punda ni habari nyingine. Manyoya yake hayaongezeki sana msimu wa baridi jinsi ya farasi yanavyoongezeka, hivyo wanaowatumia punda wao Limuru katika mvua na baridi ya nyanda za juu wasidhani mnyama huyo hana haja ya paa.)

Kuna jambo ambalo wenye farasi wengi hawapendi kuambiwa. Kimaumbile, farasi hunenepa majira ya joto na kupungua uzito majira ya baridi, kwa kuwa mwili huteketeza mafuta ili kujipasha joto. Farasi mnene anayefunikwa blanketi zito hana sababu ya kuyateketeza. Hufika majira ya machipuko akiwa bado na kitambi, wakati ambapo nyasi changa zimejaa sukari, na hatari ya laminaitisi ikawa imemkaribia. Huu ni ugonjwa wa kwato wenye maumivu makali, ambao huweza kumlemaza farasi au kulazimu auawe ili asiendelee kuteseka. Kwa mnyama kama huyo, kumwacha wazi ndiko kumhurumia.

Aliyeamua kununua atakutana na namba za aina mbili. Ya kwanza ni gramu, yaani uzito wa ujazo wa ndani kwa kila mita mraba. Gramu 0 ni koti la mvua tu. Lenye gramu 50 hadi 100 ni jepesi, kuanzia 150 hadi 250 ni la wastani, na 300 kwenda juu ni zito. Farasi asiyenyolewa huhitaji kwa kawaida gramu 0 au kidogo zaidi, maana ujazo mzito hulaza manyoya yake mwenyewe na kumnyang'anya kinga aliyozaliwa nayo. Namba ya pili ni denia, ambayo ni uzito kwa gramu wa uzi wenye urefu wa mita 9,000. Haielezi joto hata kidogo, bali nguvu ya kitambaa cha nje. Denia 600 hutosha kwa farasi mtulivu, lakini anayeishi na wenzake wapenda kuumana afadhali anunuliwe la 1,200 au zaidi.

Kipimo nchini Uingereza huchukuliwa kuanzia katikati ya kifua, ubavuni, hadi mwisho wa matako. Blanketi dogo huchubua mabega, na kubwa huteleza na kunasa miguu. Mikanda ya tumboni iache nafasi ya kupitisha kiganja.

Mnamo 2016, watafiti wa Norway walichapisha matokeo ya kuwafunza farasi 23 kugusa kibao chenye alama kwa pua. Alama moja ilimaanisha "nivike", nyingine "nivue" na ya tatu "niache nilivyo". Wote walielewa katika muda wa siku 14. Siku za mvua, upepo na baridi waliomba blanketi. Hali ya hewa ilipokuwa nzuri waliomba kuvuliwa.

Asiye na kibao hicho atumie mkono. Uingize chini ya blanketi, nyuma ya bega. Ngozi ikiwa na joto la kawaida na kavu, hapana neno. Ikiwa na unyevu wa jasho, blanketi limezidi. Masikio yasikudanganye, kwani huweza kuwa baridi ilhali mwili una joto la kutosha. Kila siku blanketi livuliwe kabisa, mbavu zipapaswe na ngozi ikaguliwe, maana chini ya kitambaa hicho farasi anaweza kukonda au kuota ukurutu kwa majuma kadhaa bila yeyote kung'amua.