Stephen Ngonyani

Stephen Hilary Ngonyani (alifariki Dar es Salaam, 2 Julai 2018) alikuwa mwanasiasa wa Tanzania na mwanachama wa Chama Cha Mapinduzi (CCM). Alikuwa mbunge wa jimbo la Korogwe Vijijini, mkoani Tanga, kuanzia mwaka 2010 hadi kifo chake. Alijulikana zaidi kwa jina la Profesa Maji Marefu.

Jina na kazi ya awali

Kabla ya kuingia bungeni Ngonyani alikuwa mganga wa tiba za asili. Cheo cha "Profesa" hakikutoka chuo kikuu bali katika uganga wake, na kilimfuata hadi Dodoma. Ibara ya 67 ya Katiba ya Tanzania haimdai mgombea ubunge shahada yoyote. Inamtaka awe raia aliyetimiza miaka 21, anayejua kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, na aliyependekezwa na chama cha siasa.

Jimbo

Korogwe Vijijini ina sehemu mbili zisizofanana. Tambarare, kama Magoma, Mnyuzi na Hale, inajulikana kwa mashamba ya mkonge. Milima ya Usambara Magharibi ina kata kama Vugiri, Bungu na Dindira, ambako Wasambaa hulima mazao ya chakula na kuna mashamba ya chai. Majani mabichi ya chai hayawezi kukaa muda mrefu baada ya kuchumwa. Kwa hiyo barabara ya udongo ikiharibika wakati wa masika, mkulima hupata hasara siku ileile.

Chaguzi

Ngonyani alichaguliwa mara ya kwanza katika uchaguzi mkuu wa Oktoba 2010, akachukua nafasi ya Laus Mhina, pia wa CCM. Alichaguliwa tena Oktoba 2015. Hivyo alihudumu katika Bunge la 10 na la 11.

Kazi ya ubunge

Mwaka 2014 wabunge wote wa Jamhuri ya Muungano, pamoja na wajumbe wa Baraza la Wawakilishi la Zanzibar, waliingia katika Bunge Maalumu la Katiba. Ngonyani alikuwa miongoni mwao.

Mbunge asiye waziri hana mamlaka ya kupanga fedha za barabara au maji. Ibara ya 99 inakataza Bunge kushughulikia muswada wa kuongeza kodi au matumizi ya serikali, isipokuwa pendekezo limetoka kwa Rais kupitia kwa waziri. Njia zinazobaki ni kumuuliza waziri maswali, kuchangia mjadala wa bajeti, na kuhudhuria vikao vya halmashauri ya wilaya, ambako mbunge wa jimbo ni mjumbe. Tangu sheria ya mwaka 2009, mbunge pia ni mwenyekiti wa kamati ya Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, unaogharimia miradi midogo iliyoibuliwa na wananchi.

Kifo na mrithi

Ngonyani alifariki katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Bunge la 11 likiwa bado halijamaliza muda wake. Uchaguzi mdogo uliitishwa mwaka huohuo, lakini wananchi wa Korogwe Vijijini hawakupiga kura. Mgombea wa CCM, Timotheo Mnzava, alitangazwa kuwa amepita bila kupingwa. Kwa hiyo mbunge mpya alipatikana kwa uteuzi wa chama pekee. Mnzava alichaguliwa tena mwaka 2020.

Utaratibu huo ulibadilishwa na sheria ya uchaguzi ya mwaka 2024: sasa mgombea aliyebaki peke yake hupigiwa kura za "ndiyo" au "hapana".

Tazama pia

Wilaya ya Korogwe
Vugiri
Bunge la Tanzania