Kijana wako wa mashine hakusikii au hakusikilizi? Mpime masikio kabla ya kumfukuza

Wiki hii naacha kidogo habari za mbegu na chanjo. Nataka tuongelee masikio ya watu mnaowaajiri, na ya kwenu pia.

Kuna dada mmoja anafuga kuku wa mayai upande wa Mlandizi. Anasaga na kuchanganya chakula chake mwenyewe, na kijana wake wa mashine alikuwa na miaka minne pale. Bei ya mashudu ilipopanda, dada akabadilisha mchanganyiko. Akamwambia kijana aweke magunia sita ya pumba. Kijana akaweka tisa.

Matokeo mnayajua. Pumba ikizidi, protini inashuka, na kuku hawadanganyi. Ndani ya wiki mbili mayai yakashuka kutoka trei 40 kwa siku mpaka 33. Dada akanipigia simu akidhani ni ugonjwa. Tulipofuatilia tukafika kwenye magunia. Hapo akawaka: "Bwana shamba, huyu kijana amekuwa jeuri. Unamwita haitiki, unamwelekeza anacheka tu. Mwisho wa mwezi anaondoka."

Nikamwomba nizungumze naye kwanza. Nilimkuta amenipa mgongo, mashine imezimwa. Nikamwita jina lake mara mbili, kwa sauti ya kawaida. Kimya. Nilipomgusa bega akashtuka, akageuka, akatabasamu: "Shikamoo kaka, karibu." Kijana jeuri hasalimii hivyo.

Tulikaa chini ya mwembe nikamuuliza taratibu. Akasema usiku masikio yanalia kama nyenje. Mtoto akilia, mkewe ndiye anamtikisa aamke. Nikamuuliza kwa nini hakusema mapema. "Kaka, nikisema sisikii, nani atanipa kazi?"

Tulimshauri dada ampeleke kupimwa, akakubali. Daktari alianza kuangalia kama ni nta au maambukizi. Masikio yalikuwa safi. Ndipo wakampima usikivu kwa kifaa, na mchoro ulionyesha sauti nene anazisikia vizuri, ila kwenye sauti nyembamba, karibu na hezi 4,000, mstari umeanguka kwenye masikio yote mawili. Hiyo ndiyo alama ya kelele. Ana miaka 26.

Sita na tisa

Hapa ndipo nilipoelewa yale magunia. Kelele huanza kuharibu usikivu wa sauti nyembamba, na herufi kama s, t, f na sh zinategemea sana sauti hizo. Irabu unaendelea kuzisikia. Sasa tamka "sita", halafu tamka "tisa". Irabu ni zilezile, i na a. Ukiondoa herufi zinazozitofautisha, maneno yanabaki mamoja. Kijana alisikia kwamba ameongeleshwa, akabahatisha.

Ndiyo maana mtu wa aina hii huonekana mjeuri au mzembe. Anasikia, ila haelewi. Akiona aibu kuuliza mara ya tatu, anacheka tu na kuitikia "sawa bosi".

Ndani kabisa ya sikio kuna seli ndogo zenye vinyweleo zinazopokea sauti na kuipeleka kwenye ubongo. Kelele kubwa ya muda mrefu inazichosha, halafu inaziua. Zikifa hazioti tena. Hakuna dawa wala upasuaji wa kuzirudisha. Kifaa cha kusaidia kusikia kinakuza sauti, lakini hakirudishi sikio la zamani.

Kelele gani ni hatari?

Kipimo cha kelele ni desibeli. Kiwango kinachotumika sana duniani ni wastani wa desibeli 85 kwa saa 8 za kazi. Zingatia hili: kila desibeli 3 zikiongezeka, nguvu ya sauti inakuwa mara mbili, kwa hiyo muda salama unapungua nusu. Kwenye 88 ni saa 4. Kwenye 91 ni saa 2. Ikifika 100 una dakika 15 tu. Mashine nyingi za kusaga hupita 90, na chenso huweza kufika 110.

Usidhani haya ni mambo ya Ulaya. Mwaka 2019 ulichapishwa utafiti wa wataalamu wa Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili na wenzao wa Chuo Kikuu cha Bergen, Norway. Waliwapima wafanyakazi wa viwanda vya chuma hapa Tanzania. Kelele waliyofanya nayo kazi ilikuwa wastani wa desibeli 92. Asilimia 48 yao walikuwa na upungufu wa usikivu, wakati kwa walimu waliolinganishwa nao ilikuwa asilimia 31. Sisi hatuyeyushi chuma, lakini mashine ikiwa ndani ya kibanda cha bati, sauti inagonga ukuta na kurudi kwako. Sikio halijui kama kelele inatoka kwenye nondo au kwenye mahindi.

Kipimo cha bure ni hiki: simama mita moja kutoka kwa mwenzako mashine ikiwa inafanya kazi. Mkilazimika kupaza sauti ili msikilizane, chukulia mmeshafika au kupita 85. Zipo pia programu za simu za kupima desibeli. Si sahihi kama kifaa cha mkaguzi, lakini zinakupa picha.

Anza na mashine, malizia na sikio

Wengi mkisikia kelele mnakimbilia kununua vifaa vya masikioni. Hicho si kitu cha kwanza. Kuna kikundi cha vijana wanaochakata mihogo Kisarawe, upande wa Maneromango, nawapenda kwa jinsi walivyofanya. Walianza na mashine yenyewe: wakakaza bolti zilizolegea, wakabadilisha beringi iliyokuwa inapiga kelele, wakaweka mpira chini ya miguu ya injini na ekzosi mpya. Kisha wakatoa injini nje ya banda. Wanaomenya mihogo wakahamishiwa mbali, maana mahali pa wazi ukiongeza umbali mara mbili kelele inapungua kama desibeli 6. Mwisho wakapanga zamu, hakuna anayeshinda kwenye mashine kutwa nzima. Kazi kubwa ilikuwa spana na kukubaliana.

Baada ya hapo ndipo vifaa kinga. Vipo viziba masikio vya sponji na vile vikubwa vya kufunika sikio lote. Vya sponji vina namna yake. Nawa mikono kwanza, hasa kama umetoka kushika dawa. Kisokote kiwe chembamba, pitisha mkono mwingine nyuma ya kichwa uvute sikio juu na nyuma, kiingize, kisha kishikilie kwa sekunde 20 hadi 30 kitanuke. Kama nusu imebaki nje, hujajikinga.

Pamba haizuii kelele hizi. Na zile hedifoni za bongo fleva ndio balaa zaidi: kijana anaongeza sauti ya muziki ili ishinde mashine, sikio linabeba vyote viwili.

Kupima masikio: lini na vipi

Mpime mfanyakazi anapoanza kazi, kabla hajazoea mashine. Hicho ndicho kipimo cha msingi. Bila hicho, baada ya miaka mitatu hutajua kama tatizo alikuja nalo au amelipata kwako. Kisha rudia kila mwaka, na anapoacha kazi.

Kabla ya kipimo apumzike na kelele kwa saa 14 hivi, kwa sababu sikio lililotoka kwenye mashine huwa limechoka na majibu yanadanganya. Asubuhi baada ya siku ya mapumziko ni muda mzuri. Ataketi sehemu tulivu, atavaa hedifoni za kipimo, na kila akisikia mlio, hata mdogo vipi, atabonyeza kitufe. Haiumi. Omba nakala ya mchoro, uitunze. Mwaka unaofuata linganisha. Ukiona umeshuka kwa desibeli 10 au zaidi kwenye sauti nyembamba, usisubiri: kagua mashine, kagua anavyovaa kinga, mpunguzie muda.

Kisheria hili si hisani. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na OSHA, inahusu mashamba pia. Sajili sehemu yako ya kazi, wapime wafanyakazi afya, wape vifaa kinga bila kuwakata mshahara. Jisajili pia na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Mfuko huo unahusu pia magonjwa yatokanayo na kazi, si ajali tu.

Lakini nawaomba jambo moja ambalo sheria peke yake haiwezi kulisimamia: msitumie kipimo kuwafukuza watu. Siku ukimfukuza mmoja kwa sababu ya majibu, wengine wote watakuficha, na utaanza kubahatishiwa magunia.

Yule kijana bado yupo Mlandizi. Dada alimtoa kwenye mashine, sasa anasimamia banda la kuku na kuokota mayai, mshahara uleule. Aliyeshika mashine alipimwa kwanza. Na mchanganyiko hausemwi tena kwa mdomo, umeandikwa kwa chaki kwenye ubao: PUMBA 6.

Na mimi nina la kwangu. Nilifika pale mara nyingi ndani ya miaka ile minne. Nilikagua unyevu wa mahindi, vumbi, sumukuvu, panya. Niliongea na yule kijana kwa kupiga kelele, nikaona ni kawaida. Sasa nikifika kwenye banda lako nikalazimika kupaza sauti, nitaanza na hilo kabla ya kuku.

Tukutane shambani.