Mashindano ya Beni Mombasa

Beni ni ngoma iliyoanza katika pwani ya Kenya kwenye miaka ya 1890, kwa kuiga bendi za Kizungu. Kisiwani Mombasa vyama vyake mashuhuri vilikuwa Kingi na Scotchi. Wachezaji walivaa sare, wakajipanga safu safu kama askari, wakaifuata milio ya ngoma na tarumbeta. Na viongozi wao walipewa vyeo vya kifalme na vya jeshi.

Mashindano hayo hayakuwa na mwamuzi wala kikombe. Watu wa mji ndio waliokata shauri: waliosifiwa ni wale waliovuta watazamaji wengi zaidi na kufanya karamu kubwa zaidi. Kwa hiyo fedha nyingi zilitumika.

Hata hivyo, ushindani haukuwa jambo geni Mombasa, kwa maana tangu kale Tisa Taifa na Thelatha Taifa walishindana. Tena vyama vya beni vilisaidiana katika shida na maziko. Ndiyo sababu askari na wapagazi wa vita vya 1914 hadi 1918 walipoieneza bara, wageni wengi mijini walijiunga. Hata chama kilichoshindwa, mwanachama wake alikuwa na wenzake wa kumzika.