Texas: wilaya za shule zinazojiondoa kwenye sheria za jimbo, na kilichoipata Houston

Haya wadau, leo tunavuka maji mpaka Marekani, jimbo la Texas. Najua wengi tukisikia Texas tunawaza visima vya mafuta, ng'ombe na kofia pana. Lakini huko kuna ndugu zetu kibao, hasa Houston na Dallas, wakiwemo Wakongo waliopelekwa kama wakimbizi, na watoto wao wanasoma shule za serikali za kule kule. Kwa hiyo hii habari si ya Wazungu peke yao.

Habari yenyewe ni hii. Texas kuna sheria inayoiruhusu wilaya ya shule kukaa kikao na kusema: sheria hii ya elimu, hii na hii, sisi hazituhusu tena. Na kweli zinakoma kuihusu. Haendi mtu mahakamani, hapigwi mtu faini. Nilipoanza kuisoma nilidhani nimeelewa vibaya, ikabidi nirudie.

Kwanza tuelewane kuhusu neno wilaya, maana hapa watu wanaweza kupotea. Wilaya ya shule ya kule si kama Temeke au Kahama. Haina mkuu wa wilaya, haishughuliki na maji wala barabara. Ni mamlaka ya shule basi. Ina mipaka yake, ina bodi ambayo wananchi wanaipigia kura, inatoza kodi ya nyumba na ardhi, inaajiri walimu na inawafukuza. Texas ina wilaya za namna hiyo zaidi ya 1,000. Kuna za vijijini ambazo wanafunzi wote wanaweza kukaa kwenye ukumbi mmoja, na kuna Houston ambayo mwaka 2023 ilikuwa na wanafunzi zaidi ya 180,000.

Sasa juu ya hizo wilaya kuna jimbo. Bunge la Texas pale Austin ndilo linalotunga sheria za elimu, na kuna Kamishna wa Elimu anayeteuliwa na Gavana. Hao ndio waliopanga shule zifunguliwe lini, mwalimu awe na leseni gani, darasa la watoto wadogo liwe na wanafunzi wangapi. Sheria zimejaa kitabu kizima. Na wilaya zilikuwa zinalalamika miaka nenda miaka rudi kwamba anayeandika sheria yuko Austin, hajui shida ya mji mdogo ulioko saa sita kwa gari kutoka hapo.

Mwaka 2015 bunge likapitisha muswada namba 1842. Ndani yake ndimo ilimozaliwa kitu wanachokiita District of Innovation, mimi naiita Wilaya ya Ubunifu. Wazo lilikuwa jepesi tu. Texas kulikuwa tayari kuna shule za serikali zinazoendeshwa na taasisi binafsi kwa mkataba, na hizo zilisamehewa sheria nyingi. Wilaya za kawaida zikasema, kama wale wamesamehewa, sisi tumekosa nini? Basi wakapewa nao.

Utaratibu wake uko hivi. Bodi inapitisha azimio, au kamati ya ushauri ya wilaya yenye walimu, wazazi na wafanyabiashara inaomba kwa maandishi. Wananchi wanaitwa kusikilizwa. Inaundwa kamati ya kuandika mpango unaotaja kifungu kwa kifungu: hiki tunakiacha, na sababu ni hii. Mpango unabandikwa kwenye tovuti ya wilaya siku 30 ili kila mtu ausome. Kisha kamati ya ushauri inaupigia kura, halafu bodi, na bodi lazima ifikishe theluthi mbili. Kamishna anapelekewa taarifa. Sikilizeni hapo: taarifa, si maombi. Hana nafasi ya kusema sitaki. Mpango unadumu mpaka miaka mitano, halafu unaweza kuhuishwa. Wilaya yenye matokeo mabaya haistahili kuanza, na iliyoanza ikifeli miaka miwili mfululizo Kamishna anaweza kuufuta mpango.

Kuna vitu haviguswi. Mtaala wa jimbo, masharti ya kuhitimu, mitihani ya jimbo, na sheria za serikali kuu ya Washington kama zile za watoto wenye ulemavu. Kwa hiyo mtihani unabaki wa jimbo, ila njia ya kufika kwenye mtihani ni yako mwenyewe.

Je, walipopewa huo uhuru waliutumia kufanya nini? Maana jina ni Ubunifu, ungetegemea maroketi. Wapi! Wilaya zaidi ya 900 zimejiunga, na ukisoma mipango yao utaona inafanana kama mapacha. Kitu cha kwanza kwa karibu wote ni tarehe ya kufungua shule.

Usicheke. Mwaka 2006 bunge lilipitisha sheria kwamba shule zisifunguliwe kabla ya Jumatatu ya nne ya Agosti. Wenye biashara ya utalii, mahoteli na viwanja vya michezo ya maji waliipigia debe sana, kwa sababu shule zikifunguliwa mapema familia zinarudi nyumbani na wale vijana wa kazi za kiangazi nao wanaondoka. Walimu wakabaki na tatizo lao. Ukifungua mwisho wa Agosti, muhula wa kwanza hauishi kabla ya Krismasi. Mtoto anakula sikukuu wiki mbili, anasahau kila kitu, anarudi Januari ndipo anakaa kwenye mtihani. Kwa hiyo wilaya zikajiondoa kwenye hicho kifungu, zikafungua mapema, zikamaliza muhula Desemba. Hapo mimi binafsi nawaunga mkono asilimia mia. Sioni kwa nini kalenda ya shule ipangwe na mwenye hoteli.

La pili ni idadi ya wanafunzi darasani. Tangu mageuzi ya mwaka 1984, Texas ina sheria ya wanafunzi 22 kwa mwalimu mmoja kwenye madarasa ya chini, mpaka la nne. Najua wadau wa huku mliosoma 90 kwenye chumba kimoja mnatikisa kichwa. Zamani wilaya ikizidisha ilibidi imwandikie Kamishna kuomba ruhusa kwa kila darasa. Sasa inaandika kwenye mpango wake tu, basi. Watetezi wanasema ni kupunguza makaratasi, kwamba mtoto wa 23 akihamia mwezi wa pili huwezi kuajiri mwalimu mpya kwa ajili yake. Ni kweli. Lakini ndiyo hivyo, kibali cha mtoto wa 23 ni kibali cha wa 26 pia, kama hakuna anayehesabu kutoka nje.

La tatu ndilo zito. Leseni ya ualimu.

Hoja yao ilianzia kwenye ufundi. Chukua mji mdogo unaotaka kufundisha vijana kuchomelea vyuma. Fundi mzuri wa kuchomelea, kwenye nchi ya mabomba ya mafuta, anapata hela nzuri huko huko kazini. Umwambie aache, akasomee ualimu, afanye mitihani, ndipo aje afundishe vipindi vitatu kwa siku? Hawezi kuja. Kwa hiyo wilaya zikasema tuachieni tumchukue kama alivyo. Nani angekataa? Ukisikiliza hoja hiyo unaona ina akili.

Ila kifungu hakikuandikwa kwa fundi peke yake. Wilaya nyingi ziliandika kwa mapana, na ilipokuja korona, walimu wakaacha kazi kwa wingi, mlango ukafunguka wote. Akaingia asiye na leseni kwenye hesabu. Akaingia kwenye darasa la kwanza, pale mtoto anapojifunza kusoma. Ilipofika mwaka wa masomo wa 2023-24, karibu theluthi moja ya walimu wapya walioajiriwa Texas hawakuwa na leseni. Theluthi moja, wadau! Mtafiti mmoja wa chuo kikuu cha Texas Tech, Jacob Kirksey, alifuatilia matokeo akakuta wanafunzi waliofundishwa na mwalimu mpya asiye na leseni wanarudi nyuma kama miezi minne kwenye kusoma na mitatu kwenye hesabu. Isipokuwa kama yule mwalimu alishawahi kufanya kazi darasani kabla, labda kama msaidizi. Hiyo isipokuwa ni ya muhimu, inaonyesha mambo si cheti tu, ni mazoezi.

Kaka na dada zetu waliosoma shule za kata miaka ya 2000 hawahitaji mtafiti kwenye hili. Wanawakumbuka voda fasta, yaani vijana waliomaliza kidato cha sita, wakapewa mafunzo ya wiki chache wakatupwa darasani kwa sababu shule zilijengwa kwa kasi na walimu hawakuwepo. Wengine walikuja kuwa walimu wazuri mno. Wengine walikuwa wanasoma kitabu ukurasa mmoja mbele ya wanafunzi. Tofauti ni kwamba huku serikali ndiyo iliyoamua kwa nchi nzima, na kila mtu alijua. Kule inaamua bodi ya mji, na kuna wilaya zilizojiondoa hata kwenye kifungu kinachotaka mzazi aandikiwe barua kama mwalimu wa mwanae hana leseni. Hapo ndipo waliponipoteza. Uhuru wa kumwajiri fundi naelewa. Uhuru wa kutomwambia mama wa mtoto ni wa nini?

Kabla sijasahau, kuna wilaya kama Mineral Wells iliyoanza wiki ya siku nne mwaka 2022, ili kuvutia walimu. Hiyo iliwezekana kwa sababu mwaka huo huo wa 2015 jimbo liliacha kuhesabu siku 180 likaanza kuhesabu dakika, 75,600 kwa mwaka. Ukifungua mapema na kurefusha kila siku, dakika zinatimia. Walimu wanafurahia. Mzazi anayefanya kazi siku ya tano, mtoto anamwacha na nani? Hilo analijua mwenyewe.

Sasa turudi Houston, maana ndiko kulikonifanya niandike.

Ule muswada wa 1842 ulikuwa na pande mbili. Upande mmoja ulitoa huo uhuru. Upande wa pili ulisema hivi: shule moja tu katika wilaya ikifeli miaka mitano mfululizo, Kamishna lazima aifunge, au aiweke pembeni bodi yote iliyochaguliwa na kuteua watu wake. Shule moja. Kifungu hicho kilisukumwa na mbunge Harold Dutton wa Houston, ambaye alikuwa amechoshwa na shule za eneo lake kupuuzwa. Shule iliyokuja kukigonga ni Wheatley, shule ya watu weusi yenye historia ndefu, na Dutton mwenyewe alisoma hapo. Mwaka 2019 Kamishna Mike Morath akatangaza kuichukua wilaya. Houston wakakimbilia mahakamani, kesi ikaenda miaka. Wakati kesi inaendelea Wheatley ikapanda mpaka daraja la C mwaka 2022. Haikusaidia. Januari 2023 Mahakama Kuu ya Texas ikaondoa zuio, na Juni 2023 bodi iliyopigiwa kura ikawekwa pembeni. Wakaja mameneja tisa walioteuliwa, pamoja na mkurugenzi mpya, Mike Miles.

Na mojawapo ya mambo ya mwanzo waliyofanya? Desemba 2023 hao walioteuliwa na jimbo wakapitisha mpango wa Wilaya ya Ubunifu, ili waondokane na sheria za jimbo. Soma tena taratibu. Jimbo limewaweka watu wake, watu wake wakajitoa kwenye sheria za jimbo, kwa kutumia haki iliyotungwa ili wenyeji wajiamulie. Mwaka 2024 shule za Houston zikafunguliwa Agosti 12, wakati Jumatatu ya nne ilikuwa Agosti 26. Leseni nayo ikalegezwa. Taratibu zote zilifuatwa, vikao vikakaliwa, siku 30 zikapita. Mwenyeji tu ndiye hakuwa na mtu aliyemchagua kwenye ile meza.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema suala ni wilaya dhidi ya jimbo. Swali ni nani anaketi kwenye bodi, na nani anaweza kumtoa. Mji mdogo ambao mjumbe wa bodi unakutana naye dukani, akiandika ujinga kwenye mpango mtamalizana kwenye uchaguzi. Mzazi wa Houston wakati ule alikuwa anamalizana na nani?

Upande wa leseni bunge lilishtuka baadaye. Mwaka 2025 likapitisha muswada namba 2, ule wa mabilioni ya dola za shule, na ndani yake kuna ratiba ya kuwaondoa hatua kwa hatua walimu wasio na leseni kwenye masomo ya msingi: kusoma na kuandika, hesabu, sayansi na maarifa ya jamii. Wanaanza na kusoma na hesabu kwa watoto wadogo. Zimetengwa hela za kuwasaidia waliopo kupata leseni. Fundi wa kuchomelea hajaguswa, anaendelea na kazi yake. Kwa maneno mengine, baada ya miaka kumi wamerudi pale pale hoja ilipoanzia.

Mdau uliyeko Houston au Dallas na mtoto yuko shule, tuandikie hapo chini. Uliwahi kuambiwa mwalimu wake ana leseni au hana? Au ulijua siku ya matokeo?