Pua ya Mzee na Habari za Ubongo

Mzee asiyetambua kuwa wali unaungua jikoni aghalabu huambiwa kwamba umri umemfikia, na jamaa zake wasione haja ya kuuliza zaidi. Nami naona swali hilo lastahili kuulizwa, kwani maradhi mawili mazito ya uzeeni, Alzheimer na Parkinson, huweza kuingia katika njia ya kunusia miaka kadhaa kabla kumbukumbu hazijapotea wala mkono haujaanza kutetemeka.

Juu ya pua upo mfupa mwembamba wenye matundu mithili ya chekeche, ambamo neva za harufu hupenya kuvifikia vifundo viwili vidogo vilivyolala chini ya ubongo. Humo, protini zenye kazi yake halali mwilini hupotoka umbo, zikashikamana na kuganda, seli zisiweze kuziondoa. Katika Alzheimer, protini iitwayo tau hujisokota ikawa nyuzi zilizotatizana. Katika Parkinson, alfa-sainuklini hufanya vidonge ambavyo tabibu Friedrich Lewy alivieleza mwaka 1912, ingawa kiini chake hakikujulikana hadi mwaka 1997. Heiko Braak wa Ujerumani, baada ya kuchunguza bongo za marehemu wengi, alitoa rai mwaka 2003 kwamba mashapo ya Parkinson hutangulia katika vifundo hivyo na katika shina la ubongo, ndipo yaenee kwingine. Rai hiyo haiwahusu wagonjwa wote, na wataalamu wangali wakiijadili.

Kipimo mashuhuri cha kunusa kilitungwa katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, na kutangazwa mwaka 1984: kijitabu chenye harufu 40, ambazo mtu huzikwaruza kwa penseli, akanusa, akachagua jibu moja kati ya manne. Lakini zimo harufu za piza na achari ya matango, na mzee wa Pemba aliyekulia penye karafuu na asumini huenda akashindwa kwa ugeni tu, si kwa maradhi. Twahitaji kipimo cha harufu zetu.

Hata hivyo asitaharuki mtu. Mafua, tumbaku, pigo la kichwa na korona huondoa harufu pia, na mashapo hayo yamekutwa hata kwa wazee waliofariki na akili zao timamu. Ila, kwa kuwa ladha ya chakula hutegemea pua pia, mzee wako akilalamika kwamba chakula hakina ladha, usimwongezee chumvi ukanyamaza. Mpeleke kwa tabibu, ukamweleze hali hiyo ilianza lini.